AC ya Pwani hupimwa kwa ndoo

AC yangu ya kwanza ilikizidi chumba. Chumba chenyewe, hapa Tabata, ni mita 3.5 kwa 3.5. Muuzaji aliniona nilivyolowa jasho mbele ya kaunta yake, akaniambia kwa joto hili la Dar nibebe ya BTU 18,000 (BTU ndicho kipimo cha nguvu ya kupoza) nisije nikajuta. Nikabeba. Kila usiku ikawa hivi: dakika chache tu chumba kimepoa, kompresa inazima, feni ya ndani inaendelea kupuliza, na shuka zinakuwa kama zimeanuliwa kabla hazijakauka. Mke wangu akawa anajifunika blanketi huku ngozi inamnata. Miezi miwili baadaye viatu vyangu vya ngozi vikaota ukungu kabatini.

Aliyetufumbulia jambo hilo ni fundi mmoja mtu mzima, ambaye siku hiyo hata bisibisi hakuitoa mfukoni. Aliomba ndoo. Akaitega nje, chini ya bomba linalotoa maji, akawasha AC, tukakaa barazani tunakunywa chai. Baada ya saa nzima ndoo ilikuwa na maji yasiyojaza kikombe. "Mwanangu," akasema, "hii inakupa baridi, lakini hewa haiikaushi. Na huku kwetu kinachomtesa mtu ni maji yaliyomo hewani."

Tangu siku hiyo, jirani akiniuliza anunue AC gani, namweleza kwa ndoo.

Maji hayo yako wapi

Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, mchana wa Dar, Tanga, Unguja au Mombasa unaweza kufika nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70. Hewa ya namna hiyo hubeba karibu gramu 23 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye dari ya mita 2.7 kinakuwa na lita nzima ya maji yanayoelea bila kuonekana. Jasho lako halikauki kwa sababu hewa imekaribia kushiba. Ndiyo maana fukuto la Dar humchosha mtu kuliko jua kali la Dodoma, hata kipimajoto kikisema vinginevyo.

Ili ulale vizuri kwa nyuzi 25, karibu nusu ya maji yale sharti yatoke, na yaendelee kutoka mpaka alfajiri, kwani kila ufa wa mlango unaingiza mengine na kila anayelala humo anaongeza yake kwa pumzi na jasho.

AC hutoa maji kwa njia moja tu. Hewa ya chumba inapitishwa kwenye mapezi ya baridi ndani ya mashine, mvuke unageuka matone, matone yanateremka kwenye trei na kutoka nje kwa bomba. Kazi hiyo inataka muda. Mashine inayofanya kazi dakika tano kisha ikazima haijakausha kitu, na feni ikiendelea kupuliza juu ya mapezi yaliyolowa, maji yaliyokuwa yameshakamatwa yanarudi chumbani. Hicho ndicho kilichokuwa kikitupata.

Hatua ya 1: chagua chumba kabla ya mashine

Nyumba zetu zimejengwa ili zipitishe upepo. Kuna matundu juu ya madirisha, kuna luva, kuna mlango wa uani unaotazamana na wa mbele. Wajenzi wa Mji Mkongwe na Lamu waliongeza kuta nene za mawe ya matumbawe, dari za juu na vichochoro vyembamba visivyofikiwa na jua. Ni ujenzi wa akili, ila haupatani na AC. Feni inataka dirisha wazi, AC inataka chumba kilichozibwa, na chumba kimoja hakiwezi kutumikia mabwana wawili kwa wakati mmoja.

Ushauri wangu ni kuchukua chumba kimoja cha kulala, ukakiziba sawasawa, na sebule ukaiachia pangaboi. Watu wengi huanza na sebule kwa kuwa ndiko wanakokaa wageni. Lakini sebule ina milango mitatu, watoto wanaingia na kutoka, na jikoni maharage yanachemka tangu saa nne. Utakuwa unapoza mtaa. Pangaboi la wati 60 likizunguka saa 8 halimalizi hata nusu uniti ya umeme.

Kukagua chumba ni rahisi. Funga kila kitu, washa kijiti cha udi, kitembeze polepole kando ya fremu za madirisha na chini ya mlango. Moshi unapoyumba, hapo pana ufa. Madirisha ya alumini ya kusukuma huvuja pale vioo viwili vinapokutana na kwenye reli ya chini. Bandika brashi au sponji ya fremu, inauzwa kwa mita kwenye maduka ya alumini. Matundu ya juu yazibwe kwa plasta au ubao. Chini ya mlango weka mpira. Kama chumba kina choo ndani, mlango wa choo ukae umefungwa, na nguo mbichi zisianikwe humo hata mvua ya masika ikigoma kukatika.

Kisha tazama juu. Dari ya jipsamu chini ya mabati ni kama kikaango kilichofunikwa: saa mbili usiku bado inakuteremshia joto la mchana. Kabla ya kulipia BTU za ziada, uliza bei ya kutandika karatasi ya fedha ya kuzuia joto chini ya mabati, au ya kuyapaka rangi nyeupe. Na kama dirisha linatazama magharibi, pazia zito litakusaidia kuliko unavyodhani.

Hatua ya 2: yapite yasiyokufaa

Ya kwanza kuikwepa ni ile feni ya maji, yenye tangi la kutilia maji na barafu, ambayo wauzaji wengi huiita "AC ndogo". Inapoza kwa kuyageuza maji kuwa mvuke. Dodoma wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu, inafanya kazi nzuri na inakula umeme kidogo. Pwani hewa imekaribia kushiba, maji hayana pa kwenda, na kidogo kinachokwenda kinakuongezea unyevu uleule unaoukimbia. Nimeiona nyumba tatu tofauti, zote sasa inakusanya vumbi.

Ya pili ni AC ya magurudumu yenye bomba moja nene la kutolea joto dirishani. Hiyo inapoza kweli. Tatizo ni kwamba inafyonza hewa ya chumba na kuitupa nje, kwa hiyo hewa ya nje, yenye maji yake, inaingia kwa nguvu kupitia kila upenyo. Kwa mpangaji ambaye mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe, si mbaya sana. Mwenye ruhusa ya kutoboa aachane nayo.

AC ya dirishani bado inafaa pale nafasi ilipo, lakini ina kelele na kuizungushia kuta vizuri ni kazi. Inabaki ile ya vipande viwili, kimoja ukutani ndani na kingine nje, na ndiyo nitakayoizungumzia kuanzia hapa.

Na kupasha joto je? Ukiona alama ya jua kwenye rimoti, mashine hiyo inaweza kugeuza kazi na kuleta joto. Kwa Dar hata Julai usiku, nyuzi zikishuka hadi 18 au 19, shuka nzito inatosha. Usiongeze hela kwa ajili ya jua hilo. Ndugu zetu wa Lushoto, Mufindi na Njombe, ambako unyevu na baridi huja pamoja, walipie kwa moyo mmoja: kwa kila uniti moja ya umeme mashine hiyo huleta joto la uniti tatu hivi, wakati hita ya waya huleta ile moja tu. Na ni salama mno kuliko jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Sumu ya mkaa isiyoonekana huua watu wakiwa usingizini.

Hatua ya 3: pima, zidisha, kisha jizuie

Chukua futi kamba. Urefu wa chumba mara upana, kwa mita, kisha zidisha kwa 600. Jibu ndiyo BTU zako. Kama chumba kiko chini ya mabati yasiyo na kizuizi cha joto, au kinapigwa na jua la jioni, zidisha kwa 720. Wakilala zaidi ya watu wawili, ongeza 600 kwa kila anayezidi.

Chumba changu: 3.5 mara 3.5 ni 12.25, mara 600 ni 7,350. Ndogo kabisa inayopatikana kirahisi ni 9,000, nayo ingetosha na kubaki. Mimi niliuziwa 18,000. Chumba cha 4 kwa 4 chenye kivuli kinataka 9,600. Chumba hichohicho chini ya mabati matupu kinataka 11,500, kwa hiyo 12,000. Sebule ya mita 5 kwa 6 inafika 18,000.

Madukani utasikia pia hesabu ya nguvu za farasi: wanaposema moja wana maana 9,000, moja na nusu ni 12,000, mbili ni 18,000, mbili na nusu ni 24,000. Wewe shikilia BTU zilizoandikwa kwenye kibandiko.

Hesabu ikikuangusha katikati kabisa ya saizi mbili, kwa Pwani teremka, usipande, kisha weka feni ndogo chumbani isaidie. Muuzaji atapinga. Ana sababu yake: hakuna mteja aliyewahi kumrudishia mashine akilalamika kwamba inapoza haraka mno. Mashine inayolingana na chumba itafanya kazi muda mrefu bila kuzima, na wakati huo wote inakamua maji.

Hatua ya 4: inveta, na LUKU yako

AC ya kawaida inajua mambo mawili, kuwaka kwa nguvu zote au kuzima. Ya inveta inapunguza mwendo wa kompresa chumba kikishapoa na kuendelea taratibu, kwa hiyo mapezi yanabaki ya baridi na maji yanaendelea kutoka. Kwa hali ya hewa yetu hiyo pekee inatosha kuichagua, hata kabla ya kufikiria umeme.

Lakini si inveta zote zinashuka sawa. Kwenye kibandiko, penye nguvu ya kupoza, mara nyingi kuna namba tatu: ya chini, ya kawaida na ya juu. Watu husoma ya juu. Wewe soma ya chini. Kadiri ilivyo ndogo, ndivyo mashine itakavyoweza kunong'ona usiku kucha bila kuzima. Walio Mombasa wana msaada mwingine, lebo ya nyota ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, inayoonyesha mashine isiyopoteza umeme.

Sasa hela. Matumizi ya kawaida ya nyumbani, kwa bei ya TANESCO ya shilingi 292 kwa uniti, ukijumlisha VAT na tozo za REA (wakala wa umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) inafika kama shilingi 356. Chukua AC ya BTU 12,000 inayowashwa saa 8 kila usiku kwenye chumba kilichozibwa. Kwa makadirio yangu, inveta inakula wastani wa wati 500, yaani uniti 4 kwa usiku, 120 kwa mwezi, karibu shilingi 42,700. Ya kawaida, ikiwaka na kuzima, inakula kama uniti 6 kwa usiku, 180 kwa mwezi, shilingi 64,000. Tofauti ni zaidi ya 21,000 kwa mwezi mmoja. Ukizidisha kwa miezi ya kaskazi, utajua baada ya miaka mingapi inveta itakuwa imerudisha bei yake ya ziada. Na kama sasa hivi upo kwenye bei nafuu ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ujue AC haikai ndani ya uniti 75. Hesabu hiyo ifanye kabla ya kufunga, isije ikawa ugomvi wa nyumbani.

Udhaifu wa inveta ni bodi yake ya umeme, haipendi umeme unaopanda na kushuka. Mtaa wenye tabia hiyo, nunua stabilaiza siku hiyohiyo, yenye kuchelewesha dakika tatu umeme ukirudi ili kompresa isishtuke.

Hatua ya 5: uliza gesi

Gesi ndiyo inayozunguka ndani ya mashine na kubeba joto kulipeleka nje. Kibandiko cha nyuma kitasema ni R22, R410A au R32. R22 usinunue hata ukipewa kwa bei ya kutupwa. Inatoboa tabaka la ozoni, inaondolewa chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, na kwa nchi kama zetu ifikapo 2030 inatakiwa iwe karibu imekwisha. Utabaki na mashine isiyo na gesi. Zinazouzwa kama "used kutoka Ulaya" au Dubai zikague vizuri, zinaweza kuwa za kundi hili.

Kati ya mbili zilizobaki nachagua R32. Gesi ikivuja, madhara yake kwa joto la dunia ni mara 675 ya hewa ya ukaa, wakati R410A ni mara 2,088. Gesi za aina hii ndizo ambazo nchi zilikubaliana kuzipunguza pale Kigali, Oktoba 2016. Ila R32 inaweza kushika moto kwa kiasi fulani. Fundi asichomelee bomba lenye gesi ndani, na asivute sigara anapoijaza.

Hatua ya 6: chumvi

Anayeishi Kigamboni, Msasani, Mbezi Beach au Nyali anajua upepo wa bahari unavyokula grili za madirisha. AC inaliwa vivyo hivyo. Ulizia mapezi yaliyopakwa kinga, yale ya rangi ya buluu au dhahabu, na sisitiza mabomba ya shaba, maana ya alumini ni ya bei rahisi lakini fundi wengi hawawezi kuyaunga tena yakipasuka. Vyuma vinavyoshikilia kipande cha nje viwe vya kuzamishwa zinki, sio vya kupakwa rangi tu. Kipande chenyewe kiwekwe upande usiopigwa na upepo wa bahari moja kwa moja, penye nafasi ya kupumua. Kukiweka kwenye kishubaka kilichofungwa ili nyumba ipendeze ni kukinyonga.

Hatua ya 7: msimamie fundi

Mashine nzuri iliyofungwa vibaya ni mbaya. Mambo matatu usiyaachie.

Pampu ya vakyumu. Baada ya kuunga mabomba, fundi anatakiwa kuyafyonza hewa na unyevu wote kwa pampu, dakika 20 hadi 30, kisha ndipo afungulie gesi. Wapo wanaofungulia gesi kidogo ili "isukume hewa" na kusema imetosha. Haitoshi, na kwa Pwani ndiyo kabisa, kwa sababu hewa iliyobaki ndani ina maji, na maji yakichanganyika na oili ya kompresa yanaifupishia maisha. Muulize kabla ya kukubaliana bei: pampu unayo? Aje nayo mkononi.

Mteremko wa bomba la maji. Literemke mwanzo hadi mwisho, bila kupanda popote, na mwisho wake usizame kwenye maji. Mimina kikombe cha maji kwenye trei ya ndani kabla fundi hajaondoka, uone yanatokea nje. Madoa mengi ya kahawia ukutani chini ya AC yameanzia hapa.

Waya. AC iwe na laini yake kutoka kwenye ubao wa umeme, na breka yake, isichangie soketi na pasi. Kwa 9,000 na 12,000 waya wa milimita 2.5 za mraba, kwa 18,000 na 24,000 wa 4.

Hatua ya 8: tega ndoo

Usiku wa kwanza wa fukuto, weka nyuzi 25, feni ya mashine iwe ya chini, funga mlango. Feni ya kasi hufanya hewa ipite haraka juu ya mapezi bila kuacha maji, kwa hiyo baada ya nusu saa ya kwanza ipunguze. Tega ndoo nje. Chumba kilichozibwa kikishakaa saa mbili, ndoo iwe na maji ya kuonekana, yaani nusu lita au zaidi. Ukipata kikombe, ama mashine ni kubwa mno, ama gesi pungufu, ama bomba limeziba na maji yanajikusanya ndani. Ukipata maji mengi mno usiku mzima na chumba bado kinanata, rudi kwenye kijiti cha udi, kuna ufa umeusahau.

Wakati wa masika, joto likiwa la wastani lakini kila kitu kimelowa hadi chumvi kikoponi, bonyeza alama ya tone la maji kwenye rimoti. Mashine itakamua bila kugandisha. Kipima unyevu kidogo cha betri ukutani kitakuambia kama umefika. Chini ya asilimia 60 ukungu hauoti.

Kichujio kioshwe kila wiki mbili, hiyo ni kazi ya dakika kumi na mtoto wa darasa la tano anaiweza. Usafi mkubwa wa fundi kila miezi minne, na karibu na bahari kila mitatu, kipande cha nje kikimwagiwa maji yasiyo ya chumvi kuondoa chumvi. Fundi akija akisema "gesi imeisha, tuongeze", muulize imekwenda wapi. Gesi ya AC hailiwi kama mafuta ya gari. Ikipungua imevuja, na kuongeza bila kutafuta tundu ni kumlipa leo ili umlipe tena baada ya miezi sita.

Ile ya 18,000 niliihamishia sebuleni kwa shemeji yangu, ambako inalingana na chumba na wanaelewana. Chumbani kwetu sasa kuna inveta ya 9,000. Ndoo yake ni ya lita 10, na asubuhi nyingi za Februari naikuta imefika nusu. Mama mkwe akija kututembelea huyachukua maji hayo kudekia baraza, anasema hayaachi alama ya chumvi kwenye vigae kama maji yetu ya kisima.